MUNAADHARA: TWATAFUTA HAKI AU TWATAFUTA USHINDI?

(Mada iliyotolewa na mwanafunzi wa chuo kikuu katika darsa ya vijana)



Ndugu zangu, wazee wetu, baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu (S.W.T.) na kumswalia Mtume wetu (S.A.W.), naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwanzoni mwa mwezi huu, baada ya tarawehe, tulibishana barazani: mwezi ukiandama kwengine tufunge, au mpaka uonekane kwetu? Nilimnyamazisha mwenzangu. Si kwa dalili, bali kwa sauti, na maneno mawili matatu ya Kiarabu niliyojua yeye hayajui. Watu wakacheka. Siku ya pili hakuja kuswali nasi, na moyoni nilijua swali lake sikulijibu.

Sasa hebu tazameni wanavyuoni wetu. Kwao munaadhara ilikuwa elimu kamili. Shamsuddin al-Samarqandi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 14, aliandika risala juu ya adabu zake, ikasomeshwa kwa karne nyingi. Mwenye dai ndiye mwenye mzigo wa dalili. Muulizaji, saail, ana njia tatu tu: kukataa msingi mmoja wa hoja na kutaka uthibitishwe, kuonyesha kuwa dalili ile ile ikipelekwa kwengine yaleta makosa, au kuleta dalili yake ya kupinga. Akileta yake, mambo yageuka: yeye sasa ndiye mwenye kudaiwa, na mwenzake ndiye muulizaji. Mwenye dai akikosa jibu, yamekwisha. Muulizaji akiishiwa, yamekwisha pia. Kelele hazimo (wala kucheka hakumo!).

Imam Ghazali, aliyeanza kusomesha Nidhamiyya ya Baghdad mwaka 1091, aliwajua watu wa munaadhara kwani alikuwa mmoja wao. Katika Ihya ataka mwenye kujadili awe kama aliyepotelewa na kitu: hajali kionekane mkononi mwake au mwa mwenzake. Tena apende kujadiliana faraghani kuliko mbele ya watu. Hapo ndipo aliponishika mimi. Wangapi kati yetu twaweza kujadili bila watazamaji?

Basi juzi nilimwendea mwenzangu kwao, tukakaa wawili tu. Nikamtaka radhi, nikamwambia: wewe uliza, mimi nilete dalili. Swali la pili nikakwama. Jumamosi baada ya Alfajiri, inshaallah, twenda pamoja kwa maalim, na yeye ndiye atakayeuliza.

Wabillahi tawfiq.