Tusikimbilie maharamia wa mbali, mlango wetu uko wazi

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana mjini Masasi, ambayo baadaye aliyarudia Newala. Tunayachapa kama alivyoyatoa. – Mhariri)

 

Najua mliposikia kwamba mada ya leo ni manowari na maharamia, wapo waliocheka. Mtu wa Masasi na manowari wapi na wapi? Kutoka hapa hadi bandari ya Mtwara ni mwendo wa kilomita zipatazo 200. Kijana mmoja anayeuza maji stendi aliniambia leo asubuhi: "Kaka, wewe tuletee maji ya kunywa, hayo ya bahari waachie wenyewe." Nikamwomba aje anisikilize, na namwona pale amekaa.

Swali lenyewe ni hili. Nchi yetu ina jeshi dogo la wanamaji. Wakubwa wa dunia wanazikusanya nchi ziende kupambana na maharamia wa Somalia na wale wanaozipiga meli Bahari ya Shamu. Je, na sisi twende? Mimi niliishia kidato cha nne, sijavaa gwanda hata siku moja. Lakini jambo linalolipwa kwa kodi ya muuza maji, muuza maji ana haki ya kulijadili.

KOROSHO YAKO HUPANDA MELI

Nianze na gunia. Korosho ukishaipeleka chama cha msingi, ikaingia ghalani, ikapigwa mnada chini ya MAMCU kwa watu wa Masasi au TANECU kwa watu wa Newala, unadhani safari yake imekwisha. Wapi! Ndiyo kwanza inaanza. Sehemu kubwa ya korosho yetu inauzwa ghafi, inavushwa Bahari ya Hindi kwenda India na Vietnam kubanguliwa na watu wengine. Aibu hiyo tutaiongea siku nyingine.

Sasa mnunuzi anayekuja mnadani ana hesabu yake. Anatoa nauli ya meli, anatoa bima, anatoa faida yake, na kinachobaki ndicho anachokupa wewe. Maharamia wakichachamaa, bima inapanda na nauli inapanda. Hapo mnunuzi hatapunguza faida yake. Atapunguza bei yako.

Na msidhani hizi ni hadithi za zamani. Tarehe 12 Machi 2024 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Bangladesh iitwayo MV Abdullah, iliyokuwa imetoka Maputo na makaa ya mawe ikielekea Falme za Kiarabu. Mabaharia 23 walishikwa mateka mwezi mzima, wakaachiwa Aprili 14. Maputo ni kwa jirani zetu hapa ng'ambo ya Ruvuma. Kwa hiyo nakubali tangu mwanzo: uharamia unatuhusu, hata sisi wa bara.

JIRANI AKINYOLEWA

Wanaotaka twende wana hoja, na si haki kuwazomea. Wanasema jirani yako akinyolewa, zako tia maji. Mwaka 2011 ndio ulikuwa kilele cha maharamia wa Kisomali. Shirika linalofuatilia uhalifu wa baharini lilihesabu mashambulizi yao 237 mwaka huo. Hawakuishia Somalia. Mwishoni mwa 2010 waliteka meli ya uvuvi ya Msumbiji, Vega 5. Oktoba 2011 wakaishambulia meli ya kutafuta mafuta na gesi, Ocean Rig Poseidon, ndani ya eneo letu la bahari. Saba kati yao wakakamatwa na kuletwa Dar es Salaam.

Hoja yao ni kwamba mwizi anafuatwa kwake kabla hajaja kwako. Na kweli manowari za nchi nyingi zilipojazana kule, na meli za mizigo zikaanza kubeba walinzi wenye bunduki, mashambulizi yalishuka hadi 15 tu mwaka 2013. Sisi wenyewe hatukukaa mikono mifukoni. Januari 2009 Tanzania ilitia saini makubaliano ya Djibouti ya kupashana habari za maharamia, na Dar es Salaam ikawekwa kituo kimojawapo cha kupokea habari hizo. Februari 2012, hapo hapo Dar, tukatia saini na Afrika Kusini na Msumbiji kulinda mlango-bahari wa Msumbiji.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanza mtu anaponiambia sasa tupeleke meli mbali, wakati ya nyumbani hatujayamaliza.

SAMAKI WALIOKAMATWA KWA MELI YA WATU

Eneo letu la bahari ni kubwa, kilomita za mraba zipatazo 223,000. Jeshi letu la wanamaji lilianzishwa mwaka 1971 kwa msaada wa China, na makao yake ni Kigamboni. Mwaka 2015 Rais Kikwete alizindua meli mbili za doria. Moja ikaitwa Mwitongo, kwao Mwalimu Nyerere. Nyingine ikaitwa Msoga, kwao yeye mwenyewe. Majina mazuri. Lakini chukueni meli hizo na boti zake ndogo, mzigawanye kwa kilomita 223,000, mniambie kila moja inalinda kipande gani.

Mnaikumbuka kesi ya samaki wa Magufuli? Machi 2009 meli ya uvuvi Tawariq 1 ilinaswa katika maji yetu ikiwa na samaki tani 296, wengi wao jodari. Marehemu Magufuli alikuwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi, akapata jina. Lakini ni wachache wanaouliza ilikamatwa na meli ya nani. Ilikamatwa na meli ya doria ya Afrika Kusini, Sarah Baartman! Mwizi wetu, bahari yetu, samaki wetu, meli ya watu. Na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu kwa kasoro za kisheria, washitakiwa wakaachiwa. Tulishindwa baharini bila msaada, tukashindwa na mahakamani.

Miaka tisa baada ya kukamatwa meli hiyo, Januari 2018, ilianza operesheni nyingine iliyoitwa Jodari. Wanamaji wetu walisafiri katika meli ya Sea Shepherd, chama cha watu wa kujitolea wanaolinda viumbe wa baharini. Wakaikamata meli ya Malaysia, Buah Naga 1, ikiwa na mapezi ya papa. Kazi nzuri, na nawapongeza. Lakini mnajua bendera ya hao wasamaria wema ikoje? Ina fuvu la kichwa cha mtu, kama ya maharamia! Yaani ili tukamate wezi wa samaki wetu, ilibidi tuombe lifti kwa wenye bendera ya fuvu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kwenye kiini cha maneno yangu. Maharamia wa Somalia walitoka wapi? Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, bahari yao ikabaki haina mwenyewe. Meli za kigeni zikaja kukomba samaki mchana kweupe. Wavuvi waliobaki na nyavu tupu, baadhi yao wakachukua bunduki, kwanza kuwafukuza wezi, halafu kudai fidia, mwisho wakaona kuteka kunalipa kuliko kuvua. Vigogo wenye fedha wakaingia, ikawa biashara. Bahari isiyolindwa ndiyo iliyowazaa maharamia. Kwa hiyo anayetaka kupiga vita uharamia aanze kwa kulinda samaki wa kijana wa Msimbati, kabla ya kulinda kontena la tajiri wa ng'ambo.

Na huko Msimbati na Ruvuma si mahali pa kuchezea. Ndugu zangu wa Newala, mkisimama Shimo la Mungu mnaiona Msumbiji kwa macho. Oktoba 2017 vita vilianza Cabo Delgado. Agosti 2020 bandari ya Mocímboa da Praia ikatekwa, na ilikaa mikononi mwa wapiganaji mwaka mzima. Oktoba 2020 wakavuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya, hapa hapa mkoani Mtwara, wakaua Watanzania. Hiyo si televisheni. Huo ni mlango wetu wenyewe, na jeshi la wanamaji lina kazi katika mdomo wa mto ule. Usiache mbachao kwa msala upitao.

MASASI NI MTOTO WA MANOWARI

Kuna jambo lingine, na nyie wa Masasi mnatakiwa kulijua kuliko mtu yeyote. Mji huu ulianzaje kuwa mji? Mwaka 1876 Askofu Steere wa misheni ya UMCA alikuja huku kutoka Zanzibar na kundi la watumwa walioachiwa huru, wakaweka makazi Masasi. Zama zile manowari za Waingereza zilikuwa zikisaka majahazi ya watumwa katika pwani yetu, na waliookolewa wengi walikabidhiwa misheni. Kwa hiyo sitasema operesheni za ng'ambo hazina wema. Wapo wenzetu ambao babu zao walipata uhuru kwa operesheni ya namna hiyo.

Lakini someni ukurasa unaofuata. Desemba 1888 Wajerumani na Waingereza waliizingira pwani hii kwa manowari. Sababu waliyoitangaza? Eti kuzuia biashara ya watumwa na silaha. Wakati huo huo Wajerumani walikuwa wanapigana na Abushiri, aliyekataa kutawaliwa. Kuzingira kukaisha, Mjerumani akabaki. Jina la operesheni lilikuwa zuri, tumbo lake lilikuwa na mambo mengine.

Ndiyo maana leo nikisikia Wamarekani wana operesheni yao, Wazungu wa Ulaya wana yao, Wahindi wana yao, Wachina nao wanakuja kufanya mazoezi, nauliza: tukipanda merikebu ya mmoja wao, tunapigana na maharamia au tunashika upande katika ugomvi wao? Desemba 2023 Marekani ilipotangaza operesheni ya Bahari ya Shamu, Shelisheli ilitajwa miongoni mwa waliojiunga. Shelisheli wenyewe wakafafanua kwamba wao watatoa na kupokea habari tu, hawapeleki meli wala askari. Wadogo, lakini wana akili. Sri Lanka, iliyofilisika mwaka 2022, Rais wake alisema Januari 2024 kwamba atapeleka meli, na kwamba kila wiki mbili itagharimu rupia milioni 250. Upinzani kule ukauliza fedha hizo zinatoka wapi. Angalau wao walitajiwa bei.

NANI ANAKWENDA, NANI ANAAMUA

Vijana, hapa ndipo mnapoguswa. Anayekwenda si mtoto wa kigogo. Anayekwenda ni kijana kama wewe, aliyemaliza JKT akaomba Mungu achaguliwe jeshini. Watanzania saba waliuawa Darfur Julai 2013. Wasiopungua 14 waliuawa Kongo Mashariki Desemba 2017. Walikwenda kulinda amani ya watu wengine na nchi iliwapokea katika majeneza. Siwadharau, nawaheshimu. Kwa sababu nawaheshimu, nataka wa kesho wasiondoke kwa uamuzi wa watu wachache chumbani.

Katiba yetu, Ibara ya 44, inasema Rais akitangaza vita, Spika aitishe Bunge ndani ya siku 14 lijadili kama linaunga mkono au la. Safi kabisa. Lakini ibara hiyo ni ya vita. Meli ikitumwa ng'ambo kwa jina la "operesheni" au "ushirikiano", hakuna kinachomlazimisha mtu kuja kutuuliza. Mtu anaweza kufa katika jambo ambalo mbunge wake alilisoma gazetini.

MSIMAMO WANGU

Nasema hivi. Kwanza, meli yetu isiende mbali mpaka doria ya kudumu iwepo kuanzia mdomo wa Ruvuma hadi Tanga na Pemba, ya kukamata wezi wa samaki, wapiga baruti na majahazi ya unga. Pili, kupashana habari na mafunzo tukubali kwa mikono miwili. Aprili 2025 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mazoezi ya AIKEYME pamoja na India, na mwezi huo huo wanamaji wetu walikuwemo katika meli ya India, Sunayna, pamoja na wenzao wa nchi nyingine nane. Huko ni kujifunza bila kununua mafuta ya meli. Tatu, siku tutakapotaka kupeleka meli na bunduki, Bunge lipige kura, gharama itajwe hadharani, na familia ya askari ijue mapema italipwa nini likitokea la kutokea.

Wapo watakaosema huu ni woga. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipouliza habari ya gesi, wanajeshi waliletwa upesi na kwa wingi. Kwa hiyo uwezo wa kufika Kusini upo. Tunaomba safari hii waje wakiwa wameelekea baharini.

Na wewe rafiki yangu wa stendi, maji yako ya kunywa sijayasahau. Fedha ya mafuta ya manowari na fedha ya bomba la maji zinatoka mfuko mmoja. Ndiyo maana nilikuomba uje.