Uongozi, Kibarua na Kujitolea Bila Kudisko
(Mada kwa viongozi wapya wa serikali za wanafunzi wa vyuo, Bweri, Musoma)



Nimeombwa nizungumzie namna ya kugawa muda. Niseme mapema kwamba ratiba ya rangirangi iliyobandikwa ukutani haitamwokoa mtu. Wapo wenye ratiba nzuri waliorudi nyumbani na sapu tatu. Saa ni chache, sikatai, lakini kinachommaliza kiongozi mwanafunzi ni kazi zake kutojuana. Asubuhi yuko darasani, mchana kamati ya chakula, jioni kibanda cha miamala hapa stendi, Jumamosi usafi wa hospitali. Kila kazi ina watu wake wanaomdai, na hakuna inayoisaidia nyingine.

Mfano wa kazi zinazosaidiana tunao hapa nyumbani. Mwalimu Kambarage Nyerere wa Butiama, aliyeanza shule Mwisenge mwaka 1934, alikuwa Makerere kuanzia 1943 hadi 1945 akisomea ualimu. Huko huko, pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, alianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika, TAWA. Hakukibeba peke yake. Tena walipoona Tanganyika African Association (TAA) ipo tayari, hawakung'ang'ania jina lao. Wakawa tawi la TAA. Leo tungegombea uenyekiti wa vyote viwili.

Alipokwenda kufundisha St. Mary's, Tabora, akawa katibu wa TAA wa tawi, na jioni akawafundisha watu wazima Kiingereza bila malipo. Shule, chama na kujitolea: zote zilikuwa kazi za mwalimu. Alifanya pia kibarua cha kukagua bei madukani. Taarifa zake zilipopuuzwa, akakiacha. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama: kupokea cheo tunajua, kukiachia hatujui.

Najua mtaniambia kwamba mwaka 1955, alipotakiwa achague kati ya siasa na ualimu wa Pugu, alijiuzulu ualimu. Ni kweli. Lakini shahada ya Edinburgh alikuwa nayo tangu 1952. Wewe hujaipata, na mzazi wako ameuza ng'ombe ulipe ada. Kwako kinachoachwa hakiwezi kuwa masomo.

Nani kati yenu hajaiona hii? Usiku wa kuamkia mtihani mlango wa waziri wa mikopo unagongwa: "Mheshimiwa, boom langu halijaingia." Mheshimiwa anavaa kandambili, anatoka. Korido imejaa watu. Hadi saa nane usiku anatuliza jazba juu ya jambo ambalo hata yeye hana jibu lake mpaka ofisi ifunguliwe asubuhi. Chumba cha pili naibu wake amelala fofofo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumpa kazi. Huyo waziri akifeli, wale wale waliomgongea ndio watakaomcheka.

Kuhusu kibarua, sina ugomvi nacho. Wengine bila hicho hawali. Ila chagueni kinachokaa karibu na kozi. Anayesoma uhasibu akimwekea mahesabu mama muuza dagaa wa Mwigobero, anapata hela na mazoezi kwa mpigo. Wa maendeleo ya jamii pale Buhare akijitolea kwenye kikundi cha vicoba, nusu ya ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo ameshaiona kwa macho.

Na kujitolea msikudharau. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Mwalimu aliwafukuza karibu 400, akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Adhabu ile naiona ilikuwa kali mno. Hoja yake lakini ilikuwa nzito: msomi ana deni kwa mkulima aliyemlipia.

Walezi, nawaombeni msiitishe vikao wiki ya majaribio, na wizara za wanafunzi zigawane zamu za usiku kwa maandishi. Nanyi viongozi, kabla ya chakula cha mchana kila mmoja aandike jukumu moja analoliachia na jina la atakayelipokea, kisha karatasi hizo zikabidhiwe kwa mwenyekiti.