Nani Alisema Garissa Haina Mali?



Habari za laana ya rasilimali, ile ya nchi tajiri kwa maliasili kubaki maskini, mnazijua, tangu kitabu cha Richard Auty cha 1993. Juu ya mafuta ya Nigeria na almasi za Botswana tumebishana vya kutosha. Linalonikera leo ni dai la hapa nyumbani: kwamba Kaskazini Mashariki mwa Kenya, Garissa ikiwemo, ni maskini kwa kuwa haina kitu.

Dai hilo lina hati yake: Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, aya ya 133. Kila darasa ninalofundisha hulisomesha aya hiyo sentensi kwa sentensi. Yasema fedha za maendeleo ziende zitakakozaa zaidi: penye maliasili tele, ardhi nzuri na mvua, usafiri na umeme, na watu walio tayari kupokea maendeleo. Kisha yapiga hesabu. Pauni milioni moja huku zizae 20,000, kule 100,000. Basi zipelekwe kule, na ile 80,000 ya ziada itatuwezesha kuwasaidia wa huku.

Tazameni vilivyochanganywa. Mvua hutoka kwa Mungu, lakini reli ya nyanda za juu ilijengwa kwa fedha za umma. Aliyenyimwa barabara na mkoloni ananyimwa tena kwa sababu hana barabara! Na huo utayari wa watu ulipimwaje? Mwaka 1965 vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga, vilikuwa vikiendelea hapa, na sheria ya hali ya hatari haikuondolewa hapa hadi 1991.

Watetezi wa Waraka husema nchi ilikuwa changa na hazina haba. Uhaba naukubali. Lakini ile 80,000 ingefika, Katiba ya 2010 isingehitaji kifungu cha 204, kinachounda Mfuko wa Usawazishaji na kuutengea nusu asilimia ya mapato ya taifa kwa maji, barabara, afya na umeme wa maeneo yaliyotengwa.

Na mali ilikuwepo. Karo yangu ilitoka Soko Ng'ombe, soko la mifugo la hapa Garissa. Nilisimama kando ya baba huku madalali wakipatana bei kwa vidole chini ya kitambaa, na fahali wetu wakapakiwa lori la Nairobi. Jua nalo lilikuwepo, ila halikuhesabiwa mali hadi mitambo ilipojengwa. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, zaidi ya megawati 50, kilizinduliwa Desemba 2019. Kwangu mimi, maliasili huzaliwa pale serikali inapofika na barabara, mwalimu na daktari wa mifugo. Wenzangu huniambia natia chumvi, kwamba jangwa ni jangwa. Nimewasikiliza miaka mingi, na sijaona sababu ya kubadili kauli.

Mfuko huo wa Usawazishaji unafikia ukomo 2030, isipokuwa Bunge liuongezee muda. Nataka uongezwe, na katika kuitafuta mali ya hapa, chanjo za mifugo zitangulie visima vya mafuta.