Figo ya Ndugu na Kikao cha Ukoo

Waheshimiwa wenyeviti wa mitaa, masheikh, wachungaji na wazee wetu wa Temeke na Kinondoni,

Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017, na Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata Machi 2018. Kabla ya hapo mgonjwa alipelekwa India, na ndugu wa kumchangia akapanda naye ndege. Safari imefupika, lakini ndugu bado anatakiwa: figo zinazopandikizwa hapa hutoka kwa jamaa aliye hai, kwa hiari yake. Asipopatikana, mgonjwa anabaki kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara.

Hapo ndipo familia za wahamiaji na jamii zenye watu wachache mjini zinapobanwa. Aliyetoka Newala au Masasi akajenga Mbagala ana ndugu wawili watatu karibu. Ukoo uko kusini. Aina ya tishu hurithiwa, na hata ndugu wa baba mmoja mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana kikamilifu. Hata Uingereza, ambako figo hutoka pia kwa marehemu, watu weusi na wenye asili ya Asia husubiri zaidi, kwa kuwa wachangiaji wa asili yao ni wachache.

Hofu tunazijua. Eti nguvu za kiume huisha; eti figo moja haitoshi. Ronald Herrick alimpa pacha wake figo huko Boston, Desemba 1954, akaishi na figo moja miaka 56. Si kwamba hakuna hatari: ni upasuaji mkubwa, na mchangiaji anapaswa kupima shinikizo la damu na figo maisha yake yote. Tuliseme hilo wazi. Kwa upande wa dini, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliruhusu uchangiaji mwaka 1988 kwa masharti, na Papa Yohane Paulo II aliusifu mwaka 2000. Wote wawili walikataa biashara ya viungo.

Lakini kwa maoni yangu, dini na hofu si kikwazo kikubwa. Kikwazo ni namna tunavyoomba. Mgonjwa hupiga simu mwenyewe, na wiki hiyo hiyo simu za ndugu huanza kutopatikana. Au kikao cha ukoo huketi na macho yote yanamgeukia kijana asiye na kazi, kana kwamba figo yake haina shughuli.

Napendekeza mazungumzo yafunguliwe na mtani. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo, tena msibani, jambo ambalo shemeji hathubutu kulitaja. Ila kazi ya mtani iishie hapo. Hana haki ya kumtaja wala kumcheka mtu. Baada yake aje muuguzi, aeleze kwa wote, kisha kila anayetaka aende kupima peke yake. Vituo vingi duniani humwona mchangiaji faragha, bila mgonjwa wala wazazi, na akisita, familia huambiwa tu kwamba hafai kuchangia. Wenyeviti, msimdai daktari sababu, na msiruhusu kikao kiitishwe tena ili kumuuliza aliyesita.