Mtoto wa Wazazi Walioachana

Twapenda kunena kidogo juu ya watoto ambao wazazi wao wameachana. Sisi watumishi wa Serikali twajua uhamisho: baba hubaki Mbeya, mama huenda Iringa, na mtoto hukaa na mmoja wao. Huyo akimsimulia kila siku mabaya ya mwenzake, mwisho mtoto humchukia mzazi asiyemkosea neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yatanguliza manufaa ya mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yampa haki ya kumzuru mzazi wa pili na kukaa naye. Lakini hakimu hawezi kuulinda ulimi wa nyumbani. Basi likizo ifikapo tuwape watoto nauli, wala tusiwahoji warudipo. Talaka huvunja ndoa, haivunji uzazi.