Kula Pamoja, Kuoana Mbalimbali: Ubaguzi wa Tabaka katika Mahekalu ya Sikh na Funzo Lake kwa Mtinko



Msafiri wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa akishuka Makindu anakaribishwa kwenye gurdwara, yaani hekalu la Masikh, hawa tunaowaita Makalasinga. Anavua viatu, anafunika kichwa, kisha anapewa chapati, dengu na chai ya maziwa bila kuulizwa dini, kabila wala malipo. Chakula hicho ni langar. Ni desturi ya tangu Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini hiyo, huko Punjab, Bara Hindi, iliyowekwa makusudi ili Brahmin wa tabaka la juu na mfagiaji wakae sakafu moja.

Mwaka 1699 Guru Gobind Singh, mrithi wa Guru Nanak, alipoanzisha Khalsa, yaani jumuiya ya Masikh walioapishwa, watu watano wa kwanza kuapishwa walikuwa mtu wa ukoo wa wafanyabiashara, mkulima, mchota maji, mpiga chapa wa vitambaa na kinyozi. Wote walinyweshwa maji ya kiapo kutoka bakuli moja, na Guru mwenyewe akaomba anyweshwe na hao hao. Kitabu chao kitakatifu kina tenzi za Ravidas, fundi wa ngozi, kazi ambayo India ilihesabiwa najisi.

Hayo ndiyo mafundisho. Maisha yakaenda kwingine.

Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta Wahindi zaidi ya 30,000 kujenga reli ya Uganda. Masikh wengi waliokuja na reli walikuwa maseremala, wahunzi na waashi. Kwao Punjab, Jat wenye mashamba waliwaona watu wa chini. Huku Afrika, fundi ndiye aliyekuwa na mshahara na sauti, na mafundi hao wakajenga mahekalu yao kwa jina la Ramgarhia. Hadi leo Nairobi ina gurdwara iitwayo Singh Sabha, nyingine ya Ramgarhia, na wafuasi wa Ravidas wana hekalu lao. Mgeni anaingia kokote na kula. Lakini ndoa zilibaki kupangwa kwa ukoo, na walioonja dharau ya Jat nao wakasita kumpa binti mtu wa ukoo wa mafundi wa ngozi. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika habari hii yote.

Punjab kwenyewe mambo yalikuwa makali. Mwaka 1920 makuhani wa Hekalu la Dhahabu, Amritsar, walikataa sadaka ya waumini wa tabaka la chini, mpaka wanamageuzi wakaingilia. Mwaka 2003 kijijini Talhan, Dalit, watu wa tabaka la chini kabisa, walidai nafasi katika kamati ya hekalu na mgogoro ukazaa ghasia. Mwaka 2009 kiongozi wa wafuasi wa Ravidas, Sant Ramanand, aliuawa Vienna akiwa hekaluni. Mwaka uliofuata wengi wao walitangaza dini yao wenyewe.

Tusidhani hayo ni ya Wahindi tu. Majirani zetu hapa Mtinko, Wadatoga, wana ukoo wa wahunzi, Gidang'odiga. Mikuki, visu na bangili za shaba zinazovaliwa kwa fahari hutoka mikononi mwao. Hata hivyo, kwa desturi, Mdatoga mwingine haoi kwa mhunzi wala hamwozi binti. Vijana wa koo hizo wakisilimu au wakibatizwa, tunawakaribisha kwenye swala au ibada na pilau ya sikukuu, tukijisifu kwamba hatubagui. Chakula ni rahisi kugawa. Madaraka na watoto wetu ndivyo vigumu.

Nakuomba basi, kiongozi wa dini, kabla ya uchaguzi ujao wa kamati ya msikiti, kigango au usharika wako, soma orodha ya wajumbe na uulize ni ukoo gani haujawahi kuwamo. Nenda nyumbani kwao, uwaombe wagombee. Na siku mchumba wa ukoo huo atakapoleta posa, kiongozi wa dini awe wa kwanza kusimama upande wake mbele ya wazee.