Bandu Bandu Huisha Gogo

(Mazungumzo mbele ya wasomaji wa maktaba ya kijiji)



Leo nataka tuzungumze habari za nchi mbili, Ivory Coast na Gabon. Zote mbili zilitawaliwa na Wafaransa. Zote mbili zilipata uhuru Agosti 1960. Na zote mbili zimeuza nje miti ya msitu kwa miaka mingi. Lakini leo hazifanani.

Tuanze na Ivory Coast. Huko kuna mvule, huu huu tunaoujua sisi. Kuna na ndugu zake mkangazi. Mwanzoni mwa karne ya 20 msitu wao ulikuwa yapata hekta milioni 16. Baada ya uhuru ukataji ulizidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walipeleka nje magogo yapata meta za ujazo milioni 3 kwa mwaka.

Sasa sikilizeni vizuri. Mkata magogo alifungua barabara msituni. Nyuma yake akaja mkulima na panga na kiberiti, akapanda kakao. Tusimlaumu. Alitafuta riziki ya watoto wake, na kakao hiyo imeifanya nchi kuwa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Lakini mti mkubwa uliochukua miaka mingi kukua haukupandwa tena. Katikati ya miaka ya 1990 serikali ilipiga marufuku kupeleka nje magogo ya msitu wa asili. Lo! Walichelewa. Hesabu ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba msitu uliobaki haufiki hekta milioni 3.

Haya, twende Gabon. Mti wao mkuu ni okoumé. Ni mwepesi, unaelea majini, kwa hiyo magogo yalifungwa pamoja na kuteremshwa kwa mto Ogooué hadi Port-Gentil. Unamenyeka vizuri kutengeneza plaiwudi. Lakini kwa miaka mingi magogo mengi yalisafirishwa mazima. Kazi ya kupasua, kumenya na kukausha ikafanywa ng'ambo, na mshahara ukabaki huko huko.

Mwaka 2010 serikali ya Gabon ikasema basi: gogo zima lisitoke nchini. Mwanzoni watu waliumia, maana fedha za magogo zilikatika na viwanda vilikuwa vichache. Baadaye viwanda vikajengwa, hasa Nkok, karibu na mji mkuu Libreville. Siku hizi wanauza nje mbao na plaiwudi, na msitu bado umefunika zaidi ya sehemu nane katika kumi za nchi.

Je, hawa ni werevu na wale ni wajinga? Hapana. Gabon ina watu wasiofika milioni 3, na ilikuwa na mafuta ya petroli ya kuuza. Ivory Coast ina watu zaidi ya milioni 29, na wengi wanategemea jembe. Haja ya shamba haikuwa sawa.

Hata hivyo, somo lipo. Sheria ya kuzuia magogo inafaa ikija msitu ungali upo. Ikija msitu umekwisha, inalinda visiki.

Basi mkirudi nyumbani jiulizeni: mti ukikatwa kwetu, nani anaupasua? Na nani anapanda mwingine?